Stika Zilizokatwa Pembe

Mwalimu alijitwika ushenga bila kutumwa na mtu.

Ilikuwa siku ya pili ya mkutano wa fizikia ya viumbe hai, saa kumi na moja na nusu jioni. Mihadhara ya mchana ilikuwa imekwisha, na katika ukumbi mdogo wa ghorofa ya kwanza ratiba ilitenga saa moja na nusu ya watu kufahamiana. Mlangoni palikuwa na meza, na juu ya meza karatasi za stika ndogo za mraba, kila moja upana wa ukucha wa kidole gumba. Dada wa mapokezi alimweleza utaratibu kila aliyeingia: mwenye nafasi ya kazi ya kutoa abandike stika ya kijani kwenye beji yake, anayetafuta nafasi abandike nyekundu, asiye na haja aingie hivihivi anywe chai.

Mizani alibandika nyekundu. Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara, likamkaa. Ukimwambia kuna baridi, atakuuliza nyuzi ngapi. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, yupo mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamivu, na kelele za watu mia walioshika vikombe zilimchosha kuliko kazi ya kutwa. Alisimama karibu na nguzo akajiwekea dakika arobaini.

"Wewe tulia hapohapo," Mwalimu alimwambia. "Bibi harusi hajitangazi mwenyewe. Mimi ndiye mshenga."

"Mwalimu, nina miaka thelathini na mitatu."

"Ndiyo maana nina haraka."

Mwalimu, msimamizi wa utafiti wake, alikuwa na miaka sitini na mitano, na mwezi uliofuata alikuwa anastaafu. Koti lake la kijivu lilikuwa limehudhuria mikutano mingi kuliko maprofesa wengi waliokuwemo humo. Beji yake haikuwa na stika yoyote. Alijitosa kwenye kundi la watu akiwa ameshika biskuti mbili, na baada ya dakika tano akarudi akimvuta mkono kijana mmoja mrefu.

"Huyu bwana ana nafasi," alisema kwa furaha. "Anashughulika na utando wa seli. Zungumzeni."

Akaondoka kutafuta mwingine. Kijana alitazama beji ya Mizani. Mizani alitazama beji ya kijana. Nyekundu na nyekundu.

"Dada," kijana alisema taratibu, "mzee wako amenishika mkono, nikajua leo nimepata kazi."

"Na mimi nikajua umeniletea nafasi."

"Basi tumenyang'anyana." Akacheka, akachukua karanga mezani. "Una nini cha kuonyesha?"

"Vichupa arobaini na vinane. Wewe?"

"Mimi nina utando mmoja unaopasuka kila Ijumaa."

Kabla hawajamaliza, Mwalimu alirudi na mwanamke aliyefanya hesabu za jinsi protini zinavyojikunja. Naye alikuwa na stika nyekundu. Akafuata baba mmoja mwenye mkoba wa ngozi, nyekundu vilevile. Bwana Utando, kama Mizani alivyokwisha kumwita kimoyomoyo, aliwahesabu kwa kidole.

"Wanne. Mzee anatukusanya kama kuku wa mnadani. Tukifika saba tunachagua mwenyekiti."

"Mwenyekiti atakuwa na nafasi ya kutoa?" aliuliza dada wa hesabu.

"Hata mwenyekiti atakuwa anatafuta."

Walicheka wote, Mizani pia, kidogo. Lakini macho yake yalikuwa upande wa pili wa ukumbi, kwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, nywele fupi zenye mvi, aliyeegemea dirisha. Alikuwa mkuu wa maabara ya misuli ya moyo ya chuo kingine, na stika ya kijani aliibandika katikati ya beji, bila kupinda. Kila mtu alijua kwamba ana nafasi moja ya miaka miwili na kwamba ataijaza kabla mkutano haujaisha. Katika ukumbi wote huo, nafasi iliyofanana na kazi ya Mizani ilikuwa hiyo moja tu. Mwalimu alikuwa amempita mama huyo mara mbili. Mara ya pili alimwomba radhi kwa kumgonga bega, akaitazama beji yake uso kwa uso, akaendelea na safari kumfuata mtu mwenye nyekundu.

Mizani alikunja uso. Kosa la kwanza unaweza kuliita haraka, la pili uzee. Hili lilikuwa la tano, na yote yalielekea upande mmoja.

*

Inafaa kueleza habari ya vichupa, maana jioni ile yote ilivizunguka.

Misuli ya moyo hujikunja kwa sababu ya protini ndogo zinazovuta nyuzi, kama mabaharia wanaovuta kamba kwa zamu. Mizani alipima mvuto wa protini hizo moja moja. Aliunasa uzi mmoja kwa mtego wa mwanga, yaani miale inayoshika punje za plastiki kama kidole na gumba, kisha akasubiri protini iuvute. Swali lake lilikuwa moja: je, kuna dawa fulani inayobadilisha mvuto huo, au haibadilishi kitu? Vichupa arobaini na vinane vilikuwa na maji, vingine yenye dawa, vingine matupu. Kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Hata yeye hakutakiwa kuvitofautisha. Katika maabara ya Mwalimu kulikuwa na mwiko mmoja tu, na ulibandikwa ukutani juu ya sinki: *Mkono unaojua huvuta mizani.* Anayetayarisha hapimi, anayepima hatayarishi. Mwalimu ndiye aliyejaza vichupa, akabandika stika nyekundu kwenye vya dawa na za kijani kwenye vya maji, au kinyume chake, na maana ya rangi akaiandika kwenye karatasi, akaitia katika bahasha, akaifunga. Mpimaji hagusi stika wala bahasha. Bahasha hufunguliwa mara moja tu, kazi ikiisha, mbele ya mashahidi.

Jioni ile, saa moja na robo, katika warsha ambayo Mwalimu aliiongoza kwa mara ya mwisho, bahasha ya Mizani ilikuwa ifunguliwe. Mkuu wa maabara ya moyo alikuwa amejiandikisha kuhudhuria. Tasnifu ya Mizani ilingoja bahasha hiyo, na pengine nafasi ile nayo iliingoja.

Tatizo ni kwamba Mizani hakuwa na kitu. Alikuwa amechora matokeo ya stika nyekundu peke yake na ya kijani peke yake, kama mpango wa kazi ulivyotaka, na grafu zote mbili zilikuwa na sura moja: kila moja vilima viwili, kimoja cha mvuto mdogo, kimoja cha mvuto mkubwa. Yaani bahasha ingesema lolote, jibu lingekuwa kwamba dawa haina athari. Na stika zenyewe hazikuwa sawa kwa idadi, nyekundu ishirini na tisa, kijani kumi na tisa. Alidhani Mwalimu amefanya hivyo makusudi ili kumzuia asibahatishe.

Sasa, amesimama karibu na nguzo, alianza kulitilia shaka neno *makusudi*.

Akamkumbuka Mama Mkasi.

Mke wa Mwalimu alikuwa fundi wa maabara ile kwa miaka ishirini na sita, na mkasi haukutoka katika mfuko wa koti lake jeupe. Kila stika nyekundu iliyopita mikononi mwake ilikatwa pembe moja, ya juu kulia. Hakuna aliyeuliza. Watu wana mazoea yao. Wengine hukunja kona za kurasa, wengine hupanga kalamu kwa urefu. Mizani alipofika pale mara ya kwanza alidhani ni urembo. Mama Mkasi alifariki miaka mitatu iliyopita. Stika za vichupa arobaini na vinane zilikuwa na pembe zote nne.

Lilikuwa wazo, lakini wazo si kipimo.

*

"Mwalimu," alimwita, "njoo upumzike kidogo. Unatembea kama karani wa sensa."

Alikuja, akakaa kwenye kiti karibu na nguzo, akakubali chai. Kina Bwana Utando walikuwa wamehamia kwenye meza ya biskuti.

"Nisaidie jambo," Mizani alisema. "Yule mwenye miwani pale mlangoni ana stika gani?"

"Kijani."

"Na mama mwenye skafu?"

"Nyekundu. Kwa nini, unahitaji miwani?"

"Na yule kijana anayekula?"

"Kijani. Huyo ndiye wa kwanza niliyekuletea, umeshamsahau?"

Mizani aliendelea. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni, na mfukoni alihesabu kwa vidole. Hakuchagua watu, alifuata mstari kutoka mlangoni kuelekea dirishani, asije akajipendelea. Alipofika wa saba, Mwalimu alianza kujibu polepole. Alipojibu wa kumi aliweka kikombe chini.

"Ngapi?"

"Ngapi nini, Mwalimu?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha kupima, mwanangu. Nimepata ngapi katika kumi?"

Hakukuwa na njia ya kulainisha namba. "Tano."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa anajua itakuja. "Sarafu nayo ingepata tano," alisema.

Mtu alipita na sinia, akawapa biskuti, hakuna aliyechukua.

"Tangu lini?" Mizani aliuliza.

"Tangu kuzaliwa. Nyekundu na kijani kwangu ni ndugu wa tumbo moja, nawatambua wakivaa nguo tofauti tu. Shuleni nilichapwa kwa kupaka ramani rangi za ajabu. Baadaye nikajifunza kunyamaza. Halafu akaja yeye kazini, na wiki ya kwanza nikamsifu kwa koti lake la kijani." Alitabasamu. "Lilikuwa jekundu kama pilipili. Hakucheka. Kesho yake nikakuta stika zote nyekundu za maabara hazina pembe moja. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Tulioana mwaka uliofuata."

"Na alipofariki?"

"Alipoambiwa na madaktari kwamba muda ni mfupi, alikaa kitandani akakata. Karatasi kumi na mbili za stika. Nilimwambia apumzike, akasema, 'Mume wangu, hizi zitakufikisha kustaafu.' Alipiga hesabu vizuri. Ila hakujua kwamba ungekuja na vichupa arobaini na vinane. Zikaniishia mwaka jana."

"Ukafanyaje?"

"Nikanunua nyingine. Niliona karatasi moja ina giza kidogo kuliko ya pili, nikajiambia hiyo ndiyo nyekundu. Kisha nikazibandua moja moja, nikazichanganya mezani kama nilivyozoea za zamani, na mezani ule weusi nikautafuta nisiupate vizuri. Nikaendelea."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekukatia mimi."

"Wewe ni mpimaji. Mpimaji hagusi stika."

Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Ule mwiko wa juu ya sinki ndio uliomzuia mtu pekee ambaye angeweza kusaidia.

"Ungemwambia mwingine," Mizani alisema.

"Ningemwambia nini? Kwamba zimeisha?" Mwalimu alitazama mikono yake. "Karatasi ya mwisho ilikuwa na stika nne zimebaki. Sikuzitumia. Zipo kwenye droo. Najua ni upuuzi."

Mizani alitoa kompyuta kwenye mkoba, akaiweka magotini.

"Vichupa vya dawa vilikuwa vingapi?"

"Bahasha..."

"Bahasha imeshavunjika yenyewe, Mwalimu. Vingapi?"

"Ishirini na nne. Ishirini na nne kwa ishirini na nne, kama siku zote."

Stika zilikuwa ishirini na tisa kwa kumi na tisa. Hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba kuna kosa, lakini si kosa kiasi gani. Mizani alifuta rangi zote kwenye jedwali lake. Badala ya kuuliza kila kipimo kilikuwa cha rangi gani, aliuliza kilitoka kwenye kichupa namba ngapi, namba alizoziandika mwenyewe kila alipotoa kichupa kwenye friza. Alibonyeza. Grafu ilijichora upya.

Hakuna kichupa kilichokuwa na vilima viwili. Kila kimoja kililala upande wake, ama kwenye mvuto mdogo, ama kwenye mkubwa, bila kusitasita. Alivihesabu kwa kugusa kioo cha kompyuta, akarudia kutoka mwisho kwenda mwanzo.

"Ishirini na nne," alisema. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Na ishirini na nne."

Mwalimu aliinama kutazama. Walikaa hivyo kitambo, vichwa vyao vimekaribiana juu ya kioo, kama wazazi juu ya kitanda cha mtoto.

"Kwa hiyo inafanya kazi," Mwalimu alinong'ona.

"Inafanya *kitu*. Kupunguza au kuongeza, hatujui. Stika hazituambii."

"Hazituambii," alikubali. Akanyooka. Saa ya ukutani ilisema saa moja kasoro dakika tano. "Sikiliza, binti yangu. Nisikuharibie. Grafu ya rangi ndiyo iliyo kwenye mpango wako wa kazi. Bahasha ikifunguliwa, utasema dawa haina athari, utakaa chini. Ni jibu la heshima. Wengi wamehitimu kwa 'haina athari', na mama yule wa moyo atakuona umekamilisha kazi. Hakuna atakayejua. Ukisema hili lingine, utaingia humo na tasnifu iliyomalizika ukatoka na tasnifu iliyokwama, siku hiyohiyo anayochagua mtu. Kazi ni yako. Neno ni lako. Mimi nitakufuata."

Alimaanisha. Mizani aliliona hilo usoni mwake: alikuwa tayari kuondoka kazini na uongo mmoja, naye hakuwahi kuwa nao hata mmoja, ili yeye apate njia.

"Lakini si kweli," Mizani alisema.

Mwalimu alisubiri, pengine palikuwa na zaidi. Hapakuwa. Akacheka kidogo kwa pua, akajipangusa macho kwa kitambaa cha chai.

"Mkeo alikuwa anakupenda sana," Mizani akaongeza, kwa sauti ileile aliyotumia kusoma vipimo.

"Ninajua. Ninao ushahidi. Karatasi kumi na mbili."

*

Kwenye warsha kulikuwa na watu arobaini na mmoja. Mwalimu alizungumza dakika ishirini juu ya kupima bila kujua, akawachekesha kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akamwita mkuu wa maabara ya moyo awe shahidi. Mama yule alikagua muhuri wa bahasha pande zote mbili, akaifungua kwa ukucha, akasoma: "Nyekundu, dawa. Kijani, maji matupu."

Mizani alisimama mbele. Alionyesha grafu ya rangi.

"Kwa mujibu wa bahasha, dawa haina athari," alisema. "Ningeweza kuishia hapo. Sasa naomba muisahau bahasha." Akaonyesha ya pili. "Hivi ni vipimo vilevile, vimepangwa kwa vichupa. Ishirini na nne huku, ishirini na nne kule. Vilivyotiwa dawa vilikuwa ishirini na nne. Stika nyekundu ni ishirini na tisa. Naomba mniambie kilichotokea."

Ukumbi ulianza kunung'unika kama sufuria inayokaribia kuchemka.

"Stika zilichanganywa!" ilitoka sauti nyuma. Ilikuwa ya Bwana Utando. "Samahani. Yaani, nadhani."

"Ndivyo," Mizani alisema. "Miezi kumi na minne ya vipimo, na sijui kipi ni kipi. Tasnifu yangu haijaisha. Nilidhani itaisha leo."

Mkuu wa maabara ya moyo alikuwa bado ameshika karatasi ya bahasha. "Nani alibandika?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kwa sababu ndilo swali lililofuata.

Mizani alifungua kinywa. Alikuwa amelitarajia swali hilo tangu anapanda ngazi, na jibu alilokuwa amelitayarisha lilikuwa "sisi", neno ambalo kwa vipimo vyake mwenyewe lilikuwa nusu ya uongo. Hakuwahi kuandaa nusu ya uongo kabla ya siku ile. Hata hivyo hakuwahi kulitamka.

"Mimi," Mwalimu alisema nyuma yake. "Sioni tofauti ya nyekundu na kijani. Sikuwahi kuiona. Mke wangu alikuwa akinikatia pembe stika nyekundu ili nizitambue, na alipokufa nikadhani nitaweza peke yangu. Sikuweza. Mtu huyu alifuata mwiko wa maabara yangu bila kosa hata moja; aliyeuvunja ni mimi, maana mkono usioona nao huvuta mizani. Andikeni hilo. Ni bora kuliko yote niliyowaambia katika hizo dakika ishirini."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na lilikuwa jambo jema kwamba hawakupiga.

Kisha baba mwenye mkoba wa ngozi akainua mkono. "Na mimi sioni," alisema. "Wanafunzi wangu hawajui." Katika safu ya pili mzee mwingine, profesa wa mambo ya darubini, aliinua mkono nusu, akaushusha, akauinua tena.

Mizani, bila kukusudia, alihesabu. Wanaume ukumbini walikuwa ishirini na saba. Kwa kiwango alichowahi kukisoma, angetarajia mmoja au wawili wa namna hiyo. Walikuwa watatu. Haikuwa idadi ya kushangaza. Jambo la kushangaza lilikuwa kwamba kila mmoja wao alijidhani yuko peke yake.

*

Watu walipotawanyika, mkuu wa maabara ya moyo alimfuata Mizani, aliyekuwa anakunja kebo za kompyuta.

"Mabaki yapo?"

"Yapo. Vichupa vyote arobaini na vinane, kwenye friza, nyuzi ishirini chini ya sifuri. Hakuna hata kimoja nilichomaliza."

"Kwa nini hukumaliza?"

"Huwezi kujua."

Mama yule aliweka karatasi ya bahasha mezani. "Nina mashine itakayokuambia kipi kina dawa na kipi hakina. Siku mbili za kazi. Uvilete mwenyewe, lakini namba atakupa mtu wangu upya, ili hata wewe usijue unapima kipi."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Na ile nafasi, maana najua unaiwaza. Sitoi kazi kwa huruma."

"Sijaomba huruma, mama."

"Nimesikia kwamba hujaomba. Nilikuja nikiwa na jina la mtu mwingine mfukoni. Siijazi mpaka vichupa visomwe. Zaidi ya hapo siahidi."

"Inatosha," Mizani alisema, na ilikuwa kweli.

Alimkuta Mwalimu chini, kwenye kiti cha mapokezi, koti mapajani. Alionekana mwepesi, kama mtu aliyetua gunia na bado hajazoea mabega yake. Dada wa mapokezi alikuwa anapanga karatasi za stika za kesho jioni, maana saa ya kufahamiana ingerudiwa.

"Dada, una mkasi?" Mizani alimuuliza.

Alipewa mkasi. Akavuta karatasi ya nyekundu, akaanza na safu ya juu. Kata, kata, kata. Vipande vidogo vilianguka mezani kama maganda ya mbegu.

"Jamani, mbona unaziharibu?"

"Siziharibu. Kuna mtu anazihitaji hivi."

Mwalimu alisikia sauti ya mkasi, akainua kichwa. Alisimama, akaja, akachukua stika moja iliyokwisha kukatwa, akapitisha kidole gumba pembeni yake polepole. Kidole kilifika kwenye pembe isiyokuwepo, kikasimama.

"Juu kulia," alisema.

"Nilikumbuka."

Mwalimu aliigeuza stika mkononi. "Mpimaji hagusi stika," alisema hatimaye.

"Hizi si za vichupa. Hizi ni za mshenga." Mizani aligeuza karatasi, akaanza safu ya pili. "Ila pembe haionekani kwa mbali. Kesho itabidi umsogelee mtu kabla hujamshika mkono."

"Mshenga hasimami mbali," Mwalimu alisema, akavuta kiti kando yake, akashika ncha ya karatasi ili isiteleze.